Gari la kwanza la spoti kutoka Japani: linganisha gharama, usiishie kwenye bei

Kijana anayetafuta gari lake la kwanza la spoti huanzia kwenye bei ya tangazo. Anaweza kukuta Mazda RX-8 inauzwa kwa bei isiyopishana sana na Suzuki Swift Sport. Moja ina nguvu za farasi 250, nyingine 125, basi kwake hesabu imeisha. Wengi huumia hapo hapo. Bei ya RX-8 imeshuka kwa sababu waliowahi kuimiliki wanajua kinachofuata baada ya kununua, na hicho muuzaji hakiweki kwenye tangazo.

Ulinganisho huu ni wa mwenye leseni changa, na wa mzazi au ndugu anayemchangia. Kila gari nimelipima kwa swali moja: mwaka wa pili, tairi zikiwa zimekwisha, bima ikidai tena, na kitu kimoja kimeharibika bila kubisha hodi, je, bado utakuwa barabarani, au gari litakuwa limeegeshwa likisubiri hela?

Gawa fedha kabla hujachagua gari

Jumlisha fedha zote ulizonazo, zako na za kuchangiwa, kisha zihesabu kuwa 100. Kwa maoni yangu, gari likiwa limefika, limelipiwa ushuru na limesajiliwa, lisizidi 60. Bima ya mwaka wa kwanza itengee 15, matengenezo ya mwanzo 10, na 15 zilizobaki ziwe akiba isiyoguswa mpaka gari lenyewe liidai. Kuna nchi ambako bima ya kijana ni mzigo mzito na itakula hata 30. Ikiwa ndivyo, punguza kwenye ile 60 ya gari, usipunguze kwenye akiba. Nalisisitiza hili kwa sababu akiba ndiyo ya kwanza kuliwa mtu anapokutana na gari zuri lililozidi uwezo wake kidogo tu, na muuzaji hodari hakosi kukuonyesha gari la namna hiyo.

Bei ya FOB unayoiona kwenye tovuti za wauzaji wa Japani ni ya gari likiwa limepandishwa melini, basi. CIF inaongeza nauli ya meli na bima ya safari. Baada ya hapo kuna ushuru wa forodha, kodi nyingine za uingizaji, gharama za bandari, ada ya wakala, usafiri kutoka bandarini, ukaguzi na usajili. Nchi nyingi hupiga ushuru juu ya CIF, na nyingine hupiga juu ya thamani ambayo forodha wenyewe wamelipangia gari kwa umri wake na ukubwa wa injini, hata kama wewe ulilipa pungufu. Pata makadirio ya wakala kwa maandishi, tena kwa namba kamili ya modeli, kabla hujatuma hata senti moja.

Umri wa gari uulizie mapema kuliko yote. Sheria zinapishana sana: Marekani huruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao likifikisha miaka 25, Kanada miaka 15, ilhali Kenya hairuhusu lililozidi miaka 8. Gari lile lile ni zee mno kwa mtu mmoja na changa mno kwa mwingine. Ukikuta nchi yako haikuruhusu kuliagiza, bado unaweza kulipata kati ya yale yaliyoingia zamani, ila hapo unabadilisha kabisa namna ya kununua.

Kuagiza mwenyewe, au kununua lililokwisha kuingia

Faida kubwa ya kuagiza ni kupata gari ambalo halijachezewa. Japani gari binafsi jipya hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila miaka 2, na wamiliki wengi huliuza kabla ya ukaguzi mwingine. Hasara ni kwamba unalipa kwa kuangalia karatasi na picha.

Karatasi yenyewe, ile ya ukaguzi inayotolewa na mnada wa magari wa Japani gari linapouzwa, jifunze kuisoma bila kumtegemea muuzaji. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa enzi za wafalme wa Japani: H18 ni Heisei 18, yaani 2006, na R2 ni Reiwa 2, yaani 2020. Kwa Heisei unajumlisha 1988, kwa Reiwa 2018. Daraja la 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa, 3.5 lina makovu yanayoonekana, na R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa kwenye kiunzi. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa ikapakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa, hivyo A1 si ya kukunyima usingizi. Kwa gari la spoti ninaogopa zaidi kuona S au C kuliko kuona A kumi. Mkwaruzo haukui. Kutu hukua, na haisubiri ulipwe mshahara.

Lakini karatasi hiyo inaeleza bodi vizuri kuliko inavyoeleza injini. Mkaguzi wa mnada ana dakika chache kwa kila gari, na wala halipeleki barabarani likapata moto. Hapo ndipo gari lililokwisha kuingia nchini linaposhinda: unaliwasha asubuhi likiwa baridi, unaliendesha nusu saa, unalipeleka kwa fundi wako alinyanyue, na bei unayoambiwa ndiyo bei yote. Hasara yake ni kwamba huenda limeshapita kwa vijana watatu wenye hamu kama yako.

Ukiwa mbele ya gari hilo, fungua mlango wa dereva uangalie nguzo na ukingo wake. Gereji za Japani hubandika kibandiko kidogo kila zinapobadilisha oili, chenye tarehe na kilometa. Kama kibandiko cha mwaka wa nyuma kinasema kilometa 98,000 na dashibodi leo inasema 71,000, huna la kujadili na huyo muuzaji. Fungua boneti pia: mkanda wa taimingi ukishabadilishwa, mara nyingi huwekwa kibandiko kingine kinachosema ulibadilishwa gari likiwa na kilometa ngapi. Kisha inama usome tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambayo mistari yake bado ina kina lakini ina miaka kumi ni gharama unayopaswa kuitoa kwenye bei hapo hapo.

Kwa gari la injini nyepesi kueleweka, kama Swift Sport au Mazda MX-5, agiza bila hofu ukiwa umesoma karatasi. Kwa lile ambalo afya yake iko ndani ya injini, kama RX-8 au lenye turbo la zamani, nunua ulilolisikia likinguruma.

Swift Sport na MX-5: wepesi unaolipa kila mwezi

Swift Sport vijana huidharau kwa sababu ina sura ya gari la kwenda sokoni. Toleo lenye msimbo ZC31S, la kuanzia 2005, lina injini ya M16A ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 125 na gia tano za mkono. ZC32S ya kuanzia 2011 ina 136 na gia sita. ZC33S ya 2017 ina turbo ya lita 1.4, farasi 140, na uzito wa kilo 970 tu. Ukilinganisha na magari yote yaliyomo humu, hili ndilo lenye gharama zinazotabirika kuliko yote. Injini ya M16A inatumia cheni ya taimingi, milango, vioo na vitu vingi vya ndani vinatoka kwenye Swift ya kawaida, na tairi za ZC31S ni 195/50 za inchi 16, ambazo si za kutafutwa kwa tochi. Ina viti vya nyuma na buti, kwa hiyo haitakulazimisha kuwa na gari la pili. Kwa kijana anayeishi na gari moja tu, hilo peke yake lina thamani ya farasi wengi.

MX-5 ni kitu kingine kabisa. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, Japani ikauzwa kwa jina la Eunos Roadster, na mwaka 2016 ikafikisha magari milioni moja yaliyotengenezwa. Hiyo milioni ndiyo sababu ya mimi kuipenda kwa mtu mwenye bajeti ndogo: vipuri viko kila pembe ya dunia, vipya na vya mtumba, na hakuna ugonjwa wake ambao haujaandikwa na kutibiwa. Toleo la kwanza lina uzito wa chini ya tani moja, na wepesi huo utauhisi kwenye pedi za breki, tairi na mafuta kabla hujauhisi kwenye kona. Injini yake ya mwanzo ya lita 1.6 haina nguvu za kutisha, na kwa leseni changa hilo nalihesabu kuwa faida. Kwenye gia za chini utaikimbiza mpaka juu kabisa ya mizunguko yake na spidi bado haitakuwa ya kutisha.

Kati ya matoleo, NA ya taa za kuinuka imeanza kununuliwa na wakusanyaji, kwa hiyo bei yake imeacha kufanana na gari la mwanafunzi. Toleo la NB la kuanzia 1998 ndilo ninaloliona kuwa la busara: injini za ukoo ule ule na dirisha la nyuma la kioo badala ya plastiki. NC ya kuanzia 2005 ina lita 2.0 na cheni badala ya mkanda, ni pana kidogo ndani, na mtu mrefu atanishukuru nikimwelekeza huko.

Adui wa MX-5 ni maji. Paa la kitambaa humwaga maji kwenye mifereji miwili iliyofichwa nyuma ya viti, na mifereji hiyo huziba kwa majani na vumbi. Ikiziba, maji yanaingia kwenye kapeti na ndani ya vizingiti vya milango, na chuma kinaoza kuanzia ndani, sehemu ile iliyo mbele ya magurudumu ya nyuma. Nje rangi inang'aa kabisa. Ukienda kuliangalia, nenda na chupa ya maji. Mimina kidogo nyuma ya kila kiti, pale paa linapokunjika, kisha chungulia chini: maji yatoke mbele ya gurudumu la nyuma, upande ule ule, ndani ya sekunde chache. Yasipotoka, bonyeza kizingiti kwa kidole gumba kwa chini, ukisikia kinalegea au kinatoa sauti ya kukauka, achana nalo hata kama bei ni ya kutupa. Kuchomea vizingiti ni kazi ya fundi mzuri wa bodi, na fundi mzuri wa bodi halipwi senti mbili.

Weka pia kwenye hesabu kwamba paa lenyewe ni kifaa kinachoisha. Kitambaa huchanika kwenye mikunjo. Na una viti viwili tu: ndugu wawili wakihitaji kupelekwa mahali, mmoja anabaki.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizi mbili kwa kijana nisiyemfahamu, nampa Swift Sport. Nikiambiwa ana sehemu ya kuliegesha gari chini ya paa, na kuna gari jingine nyumbani la kazi za kila siku, nampa MX-5, tena kwa moyo mweupe.

Toyota 86 na Subaru BRZ: ukiwa na fungu kubwa kidogo

Hizi ni gari moja kwa majina mawili, zilizotoka 2012. Injini ni FA20 ya lita 2.0, silinda nne zilizolala, farasi 200, na uzito wa kilo 1,200 na kitu. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kati ya magari ya kisasa ya spoti, ndiyo rahisi kuishi nayo: ina mifuko ya hewa ya kutosha, mfumo wa kuzuia kuteleza, viti vidogo vya nyuma ambavyo ukivikunja unapata nafasi ya seti ya tairi. Na tairi zenyewe, za 215/45 inchi 17, ni saizi ile ile iliyotumika kwenye Toyota Prius. Hilo si bahati mbaya, waliotengeneza walitaka gari linalocheza kwa mshiko mdogo. Kwako wewe mlipaji maana yake ni kwamba tairi hazitakufilisi.

Kuna jambo moja la kuuliza kwa magari ya 2012 na 2013. Mwaka 2018 Subaru ilitangaza kuyarudisha gereji kwa kasoro ya springi za vali, ambazo zingeweza kukatika na kuzima injini. Ili kuzifikia, injini inabidi itolewe. Kwa hiyo maswali ni mawili: ilifanyika au haikufanyika, na kama ilifanyika, imetembea kilometa ngapi tangu hapo bila tatizo. Gari lililotembea muda mrefu baada ya kazi hiyo linanipa amani zaidi kuliko lililotoka jana.

Utakaposikia injini ikilia kama nyenje wakati imesimama ikiunguruma, usikimbie. Ni pampu ya mafuta ya presha kubwa, na wengi wanaishi na sauti hiyo miaka nenda rudi. Mlio wa ndege mdogo unaoisha ukikanyaga klachi ndio wa kuuliza, maana mara nyingi ni beringi ya klachi, na kuibadilisha kunataka gia boksi ishuke. Plagi nazo ziko ubavuni, zimebanana na kiunzi, hivyo fundi atakutoza muda. Ukijumlisha yote, 86 inagharimu zaidi ya MX-5 kununua na zaidi kidogo kuitunza, lakini inakupa gari la kila siku ambalo MX-5 haiwezi kuwa. Kwa mwenye fungu la kutosha, hapa ndipo ningesimama. Epuka tu kukopa ili ufike hapa kutoka kwenye Swift, kwa sababu riba ya mkopo itakula ile akiba ya 15 kimya kimya.

RX-8: kwa nini bei yake ni ya chini

Nataka niitendee haki RX-8, maana kwenye barabara ya kona ni gari tamu kuliko mengi ya bei mara mbili yake. Ina milango minne, ya nyuma ikiwa midogo, mizani nzuri mbele na nyuma, na injini inayozunguka mpaka 9,000 bila kutetemeka. Ilianza 2003, ikaacha kutengenezwa 2012. Kwenye karatasi injini yake ya rotari, yaani yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, ni ya cc 1,308, na kwa nchi zinazotoza kodi kwa ukubwa wa injini hiyo inaonekana ni ya bure. Usidanganyike na hiyo namba. Japani yenyewe, kwa kodi ya gari, injini ya rotari huhesabiwa kwa kuzidishwa mara moja na nusu.

Injini hii imeundwa ichome oili. Pampu maalumu huingiza oili ndani ya chemba ili ilainishe sili za ncha za rota. Ukisahau kuongeza, hakuna taa ya huruma itakayokuokoa kwa wakati. Mmiliki mzuri hupima oili kila anapojaza mafuta mara ya pili, na hubeba chupa kwenye buti. Koili na plagi zikichoka, mafuta yasiyowaka yanaharibu katalisti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi), na katalisti ikiziba inapandisha joto, na joto linaua sili. Ni mnyororo mmoja, ukikatika pete moja unakatika wote. Pia haipendi kuwashwa ikiwa baridi ukaisogeza mita kumi na kuizima: mafuta hufurika ndani, na kesho yake haiwaki.

Kama bado moyo unaitaka, ipime hivi. Iendeshe mpaka ipate moto sawasawa, izime, subiri dakika kumi, iwashe. Ikichukua muda mrefu kuzungushwa na stata kabla ya kuwaka, mgandamizo umeshuka na injini inaelekea mwisho. Kisha dai kipimo cha mgandamizo kwa mashine ya rotari, kwa kuwa ya injini ya pistoni haionyeshi nyuso tatu za kila rota. Marekani Kaskazini Mazda yenyewe iliongeza dhamana ya kiini cha injini hii hadi miaka 8 au maili 100,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa injini isiyo na shida.

Sasa rudi kwenye hesabu. Kwa RX-8, akiba ya 15 haitoshi. Panga 35 au 40 kwa ajili ya kufufua injini, na uwe umeshapata fundi anayejua rotari kabla ya kununua. Gari likianza kudai mgawo huo, lile la bei rahisi limeshapita Toyota 86 kwa gharama. Kwa gari la kwanza, nasema hapana.

Fairlady Z na Impreza WRX, kwa kifupi

Fairlady Z ya Nissan yenye msimbo Z33, ya 2002 na kuendelea, ina V6 ya lita 3.5, farasi 280 mwanzoni, na injini imara yenye cheni. Tatizo ni kila kitu kinachoizunguka: bima, mafuta, na tairi za inchi 18 ambazo za mbele na za nyuma si saizi moja, hivyo huwezi kuzihamisha mbele kwenda nyuma ili ziishe kwa usawa. Iache mpaka uwe umeendesha miaka miwili mitatu bila ajali.

WRX ya Subaru yenye turbo na injini ya EJ20 ni gari la kupendwa, na hilo ndilo linaloiponza. Nyingi zimeongezwa presha ya turbo na watu waliokuwa wakijifunza. Mkanda wa taimingi ukikatika vali zinagonga pistoni. Magurudumu yote manne yanasukuma, na tairi zinatakiwa zilingane kipenyo, kwa hiyo ukipasua moja unaweza kulazimika kununua nne. Kuna na suala la mafuta. Kiwango cha Japani cha petroli ya daraja la juu huanzia oktani 96 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema), na ya kawaida huanzia 89. Magari mengi ya spoti ya soko lao yalipangiwa ile ya juu, na ukifungua kifuniko cha tanki utakuta kibandiko kinachosema hivyo. Ukiyanywesha oktani ndogo, yasiyo na turbo hupunguza nguvu na kuvumilia. Yenye turbo, hasa yaliyochezewa, hugonga ndani mpaka pistoni inapasuka. Kama vituo unavyovitumia vina petroli ya daraja la chini tu, turbo la zamani lifute kwenye orodha leo.

Bima, ambayo inaweza kubadilisha jibu lote

Hakuna hatua yenye faida zaidi ya hii: kabla hujalipia gari, chukua modeli tatu unazozifikiria, omba makadirio ya bima kwa kila moja ukitaja umri wako halisi na miaka ya leseni yako. Tofauti kati ya modeli mbili zenye bei moja inaweza kukushangaza. Uliza bima kubwa inathaminije gari la kuagizwa, maana wengine hutumia thamani ya gari la kawaida la jina hilo hilo. Uliza pia kiasi utakachojilipia mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa. Kwa vijana huwa kimepandishwa.

Kila kilichobadilishwa kwenye gari kitaje: ekzosi, rimu, shokapu, kompyuta ya injini. Na wewe mzazi, nakuomba usiandike kwamba dereva mkuu ni wewe ilhali gari linalala na kuamka na mtoto. Unaokoa kiasi kidogo kila mwaka, halafu siku ya ajali madai yanaweza kukataliwa yote, na aliyeumizwa akakudai wewe.

Hii ndiyo sababu nyingine ya kupenda gari ambalo halijaguswa. Lililoshushwa kwa kukata springi, likatolewa katalisti na kuwekwa usukani wa mashindano, linakuja na gharama ya kulirudisha lilivyokuwa, na vipande vya asili mara nyingi havijatunzwa. Angalia matundu ya boliti sakafuni nyuma ya viti. Hayo ni ya fremu ya mashindano, na gari lilikuwa linakimbizwa. Gia za mkono au otomatiki ni suala la mapenzi zaidi, ila otomatiki za magari haya zimeguswa kidogo na vijana wa Japani. Kama hujali, unaweza kupata gari safi zaidi kwa fungu lile lile.

Lile fungu la 10, mwezi wa kwanza

Likishafika, badilisha oili ya injini, ya gia boksi na ya difu, maji ya rejeta, mafuta ya breki, plagi na filta zote, hata kama umeambiwa vimebadilishwa. Mkanda wa taimingi usio na kibandiko uhesabu kuwa haujawahi kubadilishwa. Betri iliyokaa melini na bandarini wiki kadhaa mara nyingi imechoka. Halafu tairi, kwa tarehe ya DOT na si kwa macho. Kwenye Swift fungu hili linabakiza chenji. Kwenye MX-5 linatosha barabara, na kwenye 86 litatosha kama tairi ni nzima. Kwenye Z, tairi peke yake zinaweza kulimaliza kabla oili haijaguswa.

Na kama umepiga hesabu zote hizi ukakuta hata Swift Sport inavuka 60, nunua Swift ya kawaida yenye gia za mkono. Endesha mwaka mzima bila kudai bima, na rekodi hiyo itunze kwa maandishi, kwa sababu kampuni nyingi hushusha malipo kwa asiyedai. Mwaka unaofuata unarudi kwenye mnada ukiwa na akiba iliyoongezeka, bima iliyopungua, na mguu uliozoea klachi.